Komeo Lisubiri Kuku wa Mwisho

Nilikuwa na kuku mmoja wa madoadoa aliyependa kuchelewa. Wenzake wakishapanda kichanja cha kulalia, yeye bado anachakura chini ya mti kama vile jioni haimhusu. Siku moja nilikuwa na haraka. Nikatazama saa, nikaona ni ile ile niliyofungia jana yake, nikasukuma mlango wa banda, nikatia komeo, nikaenda zangu. Sikuhesabu. Asubuhi nilikuta manyoya yametapakaa uani, na mengi zaidi yalikuwa pale kwenye kizingiti. Alirudi kulala akakuta pamefungwa. Akakaa mlangoni kusubiri.

Tangu hapo kila ninaposikia mtu akiuliza kuku wafungiwe saa ngapi, halafu akajibiwa kwa kutajiwa saa, moyo unanisononeka. Mimi naamini jibu hilo ni la hatari. Kuku hafuati saa, anafuata mwanga.

Macho ya kuku ni hodari sana mchana. Anaona rangi kwa undani kuliko sisi, hata mwanga wa urujuanimno ambao jicho la binadamu haliupati. Giza likiingia, uhodari huo unakwisha, naye anabaki karibu kipofu. Asili yake ni kuku-mwitu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ndege anayepanda mtini jua linapozama ili usiku umkute juu, mbali na meno. Huyu wa uani amebaki na desturi ile ile. Tena si macho peke yake yanayompasha habari: mwanga hupenya hadi ndani ya fuvu na ubongo wenyewe huuhisi. Ndiyo maana siku ya mawingu mazito anaingia mapema, na jua likipatwa lote mchana anaweza kwenda kulala kabisa.

Karibu na ikweta jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, likipishana nusu saa hivi, na giza hushuka upesi. Kaskazini ya mbali, kiangazi jua huchelewa kuzama hadi usiku, na majira ya baridi huzama alasiri. Kwa hiyo anayekutajia saa anakupa saa ya banda lake, tena ya mwezi huu tu.

Mimi sasa natoka kabla giza halijakaza na kusimama mbali kidogo. Wakubwa kwa cheo huingia kwanza na kuchukua nafasi za juu. Wanyonge husubiri. Ndani kunakuwa na zogo: mmoja anadonolewa, mwingine anasukumwa chini, anaruka tena, anatafuta pengine. Kwa kuku wangu shughuli hiyo huchukua kama nusu saa tangu wa kwanza aingie. Kisha sauti zinashuka na kubaki ule mnong'ono wao wa usingizi. Hapo ndipo nachungulia, nahesabu wote, nahesabu tena, natia komeo. Nje bado naona miguu yangu bila tochi, na kwangu hiyo ndiyo alama ya kuwa sijachelewa.

Kusimama pale jioni baada ya jioni ndiko kulikonifunulia habari ya yule wa madoadoa. Kichanja changu kilikuwa kifupi. Kila kuku anahitaji kama sentimita 20 hadi 25 za kukalia, na mimi nilikuwa nimewabana. Wanyonge wawili walikuwa wakifukuzwa kila walipojaribu kupanda. Yeye alikuwa mnyonge kuliko wote. Kumbe hakuwa na tabia ya kuchelewa, alikuwa anaogopa kuingia, akingoja wababe wasinzie ndipo apenye. Kwa miezi nilimwona nje akiwa peke yake na nikamwita mkaidi. Niliongeza kichanja cha pili kwa kimo kile kile, na wiki hiyo hiyo wale wanyonge wakaanza kuingia pamoja na wenzao. Hilo linaniuma hadi leo, maana fito moja tu ingetosha.

Basi kuku akigoma kuingia, usianze kwa kumkimbiza na fimbo. Kuna jambo anakuambia. Kagua nyufa za vichanja usiku kwa tochi, utafute utitiri mwekundu. Mchana hujificha kwenye mbao, usiku hutoka kunyonya damu, na kuku aliyeumwa usiku kucha hataki kurudi kitandani pale. Angalia kama kuna panya au nyoka, au kama banda ni la moto kiasi kwamba hata wewe usingelala humo. Kuku akiwa ameshajizoesha kulala mtini, mwache giza liingie, kisha mchukue taratibu. Wakati huo hatapiga kelele sana wala kukimbia, kwa kuwa haoni. Mweke kichanjani. Rudia kwa siku kadhaa.

Mgeni ni habari nyingine. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi nasema kamba hiyo iwe mlango: mfungie bandani siku chache, apajue kuwa ndipo kwao, ndipo umwachie.

Na hesabu ikipungua mmoja bila dalili ya manyoya, huenda amejificha kichakani akiatamia. Atakaa siku 21, akitoka mara moja hivi kwa siku kula na kunywa, na kinyesi chake kitakuwa kikubwa ajabu. Mfuate akiwa anarudi. Kumwacha huko kwa matumaini ya vifaranga ni kumwekea rehani usiku 21, na mimi siwezi.

Wapo wanaofungia mapema, wakiwaita kwa punje jua likiwa bado juu. Wengi wana sababu: wanarudi kutoka kazini usiku, na nyumbani hakuna mtu. Siwalaumu. Lakini saa ile ya mwisho ya mwanga ndiyo kuku hula kwa bidii kujaza ule mfuko wa shingoni kwa ajili ya usiku mrefu, na kumnyima kila siku si jambo dogo. Banda lililochomwa na jua kutwa nalo huwa bado linafukuta. Ukiwa hivyo, heri uunganishe banda na uzio wa wavu mgumu wenye paa, wabaki wakichakura humo hadi watakapoingia wenyewe. Nasema mgumu kwa makusudi, maana ule wavu mwembamba wa kuku humzuia kuku kutoka, haumzuii mwenye meno kuingia. Hata hivyo, kama huna ila kuchagua kati ya mapema mno na usiku wa giza, funga mapema. Mbweha, kanu, kicheche, paka-mwitu, rakuni, bundi, kila pahali pana wake, na wengi huamka jioni hiyo hiyo kuku wanapolala. Wengine wakiingia hawaui mmoja wakaondoka. Huua banda zima, na mlango waliowahi kuukuta wazi wataujia tena.

Milango inayojifunga yenyewe naiunga mkono, ikiwekwa vizuri. Ile ya saa inataka kurekebishwa majira yanapobadilika. Ile inayohisi mwanga inafuata jua kama kuku, ila taa ya nje iliyo karibu huweza kuidanganya. Ipe muda wa ziada baada ya kuku wa mwisho wa kawaida. Na bado nenda ukahesabu, kwa sababu mlango huo utafunga vizuri kabisa huku mmoja akiwa nje.

Kufunga mlango kusiwe kuziba banda. Kuku hutoa unyevu mwingi kwa pumzi, na kinyesi hutoa amonia inayochoma macho na mapafu yao. Tundu za hewa ziwe juu ya vichwa vyao, zimekingwa kwa wavu mgumu.

Siku hizi anayeingia mwisho ni tetea mweusi aliyekuja juzijuzi. Jana alifika kizingitini, akachungulia, akarudi nyuma. Nikabaki nimesimama. Mbu walinishambulia. Alizunguka banda mara mbili, akaingia, nikamsikia akiruka kwenye kichanja kile cha pili na mwenzake akisogea kidogo. Nikahesabu kumi na mmoja, nikatia komeo.