Bertha Benz na fedha isiyoandikwa kwenye hati miliki

Hati miliki ya gari iliyoombwa tarehe 29 Januari 1886 ina jina la Carl Benz peke yake. Wanaotaka heshima yote ya uvumbuzi ibaki hapo wana hoja: injini aliibuni yeye, michoro ni yake. Tajiri anayempa fundi mtaji, wanasema, hageuki kuwa fundi.

Hilo nalikubali. Ila Bertha, mke wa Carl, hakuwa tajiri wa namna hiyo. Mwaka 1871 Carl alifungua karakana mjini Mannheim pamoja na August Ritter, mshirika ambaye muda si muda akawa mzigo. Bertha, angali mchumba tu, aliomba apewe mapema mahari yake, ambayo kwa Wajerumani wa wakati ule ilitoka kwa baba wa bibi harusi. Fedha hiyo ndiyo iliyomlipa Ritter aondoke. Ndoa ilifungwa 1872.

Tuutazame mwaka huo mmoja unaotenganisha fedha na ndoa. Baada ya harusi, mali ya mke iliangukia mikononi mwa mume, na leo tungesema Carl alitumia kilicho chake. Bertha aliitoa kabla, kwa hiari, kwa mtu ambaye bado hakuwa mumewe. Mkopeshaji huandikiana mkataba na kuhesabu riba. Yeye alivuna miaka ya madeni, maana mdororo wa 1873 ulizikuta karakana ndogo zikiwa hazina akiba, huku nyumbani watoto wakizaliwa. Carl mwenyewe, katika kumbukumbu zake za 1925, alikiri ni nani aliyebaki naye chombo kilipokuwa kinazama.

Na mchango wa Bertha haukuishia kwenye fedha. Agosti 1888, gari likiwa halina wanunuzi, aliliendesha na wanawe wawili hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, bila kumwambia mumewe. Alizibua bomba la mafuta kwa pini ya kofia, akamtafuta fundi viatu aweke ngozi kwenye breki, akarudi na habari kwamba milimani gari linahitaji gia nyingine. Huko ni kujaribu mashine na kuirekebisha, kazi ya mhandisi. Kufikia 1899 kampuni ya Benz iliuza magari 572 kwa mwaka.

Carl alipewa udaktari wa heshima na chuo cha ufundi cha Karlsruhe mwaka 1914. Chuo hichohicho kilimtunuku Bertha cheo cha seneta wa heshima Mei 1944, alipotimiza miaka 95. Siku mbili baadaye alifariki.