Nusu ya Gari Lile Si Toyota

Jumamosi tumemzika Fundi, Kibosho, kwenye migomba nyuma ya nyumba aliyoijenga miaka kumi na saba bila kuimaliza. Sitaandika jina lake. Mjane wake ameomba hivyo na ana sababu zake. Watu wa Arusha mnamjua. Na wewe usiyemjua, kama umewahi kuzunguka Serengeti kwenye kruza refu la viti saba, huenda ulikalia kazi ya mikono yake siku tano mfululizo, ukashuka ukasifia Toyota.

Hilo la Toyota ndilo lililonikalisha macho usiku huu.

Maana pale msibani alisimama bwana mmoja mwenye kampuni ya utalii, akapewa maiki, akasema marehemu alikuwa baba kwetu sote na ameacha pengo lisilozibika. Pengo! Mtu aliyekesha maisha yake yote akiziba mapengo, unamwambia hivyo yuko kwenye sanduku hawezi kujibu. Kisha akaongeza: "Ndiye aliyekuwa akituwekea bodi kwenye Toyota zetu." Akituwekea bodi. Kama yule kijana wa stendi anayekuwekea kava kwenye simu. Na bwana huyohuyo, mlio karibu na gereji mnajua, bado anadaiwa malipo ya mwisho ya magari mawili, moja limeshakula misimu miwili ya wageni. Bahasha yake ya rambirambi ilitangazwa kwa kipaza sauti. Deni halikutangazwa.

Sasa tuelewane kuhusu hizo Toyota. Kinachotoka bandarini ni pikapu. Mlango huku, mlango kule, dereva na mwenzake, nyuma karai la kubebea mchanga. Lile gari mnaloliona limepanga foleni getini Naabi, madirisha marefu, paa la kunyanyua, friji ya soda katikati ya viti, halikuzaliwa Japani. Limezaliwa Unga Limited, mtaa wa magereji hapa Arusha, juu ya stendi za chuma, kuku wa jirani wakipita chini yake.

Pikapu linakatwa. Naomba ulifikirie hilo neno. Unachukua gari jipya la mtu, la mamilioni mengi ya mkopo wa benki, unaligawa chesisi vipande viwili. Mara ya kwanza kuona nilikuwa bado saidia dereva, nilitoka nje nikajifanya naongea na simu. Fundi hakukata wima kama anayekata mkate. Alikata kwa ngazi, ili mshono usilale mahali pamoja, kisha akachomeka chuma kingine ndani ya chesisi kikaingia kama mkono kwenye shati. Ndipo akachomelea: kidogo upande huu, anasubiri kipoe, kidogo upande ule, anakwenda kunywa chai, anarudi. Ukimharakisha, chuma kinapinda kwa joto na gari litatembea kiubavu kama kaa mpaka siku linauzwa. Baada ya hapo propela shafti inarefushwa na kusawazishwa, mabomba ya breki yanafuata, ya mafuta, waya wa hendibreki, nyaya za taa. Hapo bado hujafika kwenye hiyo "bodi".

Lami inaishia Loduare, geti la Ngorongoro. Wenzangu mnajua kinachoanzia hapo. Rasta mpaka meno yanacheza, halafu unateremka kreta kwa njia ya Seneto, unapandia ya Lerai, kuta zile zina mita kama 600, na gari limebeba wazungu saba, mizigo yao, chakula chao na tairi mbili za akiba. Kila mshono aliouchomelea Fundi unaulizwa swali hilohilo kila siku ya msimu. Nimeendesha gari lake miaka tisa. Nimebadilisha springi, shokapu, bushi, hadi injini imefunguliwa kichwa. Mshono wake haujawahi kunisimamisha njiani. Nusu ya mbele ya gari lile ni Toyota, sawa, heshima zao. Kuanzia mgongo wa dereva kwenda nyuma ni Fundi. Ila ukutani kwa bwana wa bahasha zimetundikwa picha za simba, cheti cha kampuni na kalenda ya Toyota.

Kilichonifanya nimpende hata hivyo hakikuwa chesisi. Ni vumbi.

Vumbi la Ndutu mwezi wa tisa haliingii kwa kupenda kwake, linanyonywa. Gari likikimbia, nyuma yake hewa inapungua, na tundu lolote la mlango wa nyuma linavuta ndani kama mtu anavyovuta uji kwa mrija. Mafundi wengine wanakuwekea mpira mnene, wanakupiga begani, nenda salama. Fundi alisubiri usiku. Anazima taa zote za gereji, anakuingiza ndani ya gari lako, anafunga milango, kisha anazunguka nje na tochi, taratibu, akiipitisha kwenye kila ukingo. Ukiona mwanga unagonga bati kwa ndani. Yeye anaweka alama ya chaki kwa nje. "Hapa?" Hapana. "Hapa?" Naona kama uzi. "Uzi ni ndoo moja mpaka Seronera, dogo." Tulikaa mle saa mbili na nusu. Nilipata alama kumi na nne kwenye gari ambalo mimi niliona limekwisha.

Na paa. Wengi wanapima urefu wa paa kwa futi. Yeye alimwita mama ntilie wa pale nje, mfupi, na kijana mmoja wa gereji ya jirani mrefu kama mlingoti, akawasimamisha juu ya viti na kuwauliza viwiko vyao vinaegemea wapi. Kwa sababu mgeni akimwangalia chui saa nzima haangalii kwa macho peke yake, anaangalia kwa viwiko. Yule mama alilipwa kwa kuuza sahani zote za wali siku hiyo, nadhani ndiye fundi vipimo pekee nchini anayelipwa kwa maharage.

Haya, kasoro. Alikuwa mwongo wa tarehe. "Njoo Ijumaa" yake haikuwa na mwezi. Hakuandikiana na mtu chochote, kila kitu kilikuwa kwenye daftari lenye mafuta na kichwani, na ndiyo maana leo mjane hana karatasi ya kumwonyesha bwana wa bahasha. Nakubali. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, wanampima mtu na kumpa cheti, tulimwambia mara tatu aende, akasema ana gari juu ya stendi. Alikuwa na gari juu ya stendi sikuzote. Sitamtetea kwa hilo, ingawa sijui cheti kingemsaidia nini mbele ya mtu ambaye hataki tu kulipa.

Mgeni wangu mmoja, Mmarekani mzee aliyependa magari ya kulala kuliko tembo, aliwahi kunisimulia habari za Wally Byam, yule mwenye Airstream, nyumba zile za alumini zinazong'aa zinazokokotwa na gari. Mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa nyumba hizo kutoka Cape Town, kwenda mpaka Cairo. Alifariki 1962, na chama cha wenye nyumba zile kilibeba jina lake miaka mingi baada ya hapo. Mgeni wangu alikuwa mwanachama, ana hadi kofia yao. Nikamwonyesha riveti za ukutani kwenye kruza letu, nikamwambia anayezipiga hizi yuko Unga Limited na simu yake ninayo. Akazipapasa moja moja kwa kidole. Akauliza, jina lake limeandikwa wapi kwenye gari?

Sikuwa na jibu. Lilikuwepo, ila nililiona mwaka uliofuata.

Nilikuwa nimelala chini ya gari kambini Lobo nabadilisha bushi, tochi mdomoni, nikaona kwenye mshono wa chesisi, upande wa kulia kwa ndani, vinukta vitatu vimegongwa kwa senta panchi. Vimepangwa pembetatu, kama mafiga. Nilidhani alama ya kupimia. Niliporudi Arusha nikamuuliza. Akacheka, akaniuliza nilikuwa natafuta nini huko chini, akaenda kunawa mikono. Ndio jibu lote nililopata.

Basi Jumamosi, tukiwa njiani kwenda kuzika, msafara wa magari kumi na manne, tulisimama Boma Ng'ombe wengine wajisaidie. Nikawasimulia wenzangu kwa kupitisha muda. Kidogo nikaona mmoja anavua koti. Akalitandika chini, akaingia mvunguni. Akapiga kelele. Mwingine akaingia chini ya lake. Dakika tano baadaye ukipita barabara ya Moshi ungeona madereva watu wazima, wamevaa suti nyeusi na tai, miguu imetokeza chini ya magari ya utalii kama gereji imehamia kituo cha mafuta. Trafiki alikuja kuuliza kama kuna ajali. Magari tisa kati ya kumi na manne yalikuwa na mafiga. Dereva mmoja ambaye hakuyaona alirudi chini mara mbili, akatoka amechafuka magoti, amenuna, hakusema na mtu mpaka Kibosho.

Lile la bwana wa bahasha nililikagua mwenyewe, pale pale nje ya uwanja wa msiba, yeye akiwa bado ameshika maiki. Linayo.

Nimepita gereji jana. Kuna pikapu moja jeupe juu ya stendi, kichwa kimeshakatwa nyuma ya milango, chesisi bado nzima, na juu yake mstari wa chaki wenye ngazi, mwandiko wake. Kijana wake, yule aliyemlea tangu darasa la saba, ameshika grainda lakini hajaiwasha. Mwenye gari ametuma mtu, siku ya pili baada ya maziko, kuulizia kama atarudishiwa malipo ya awali. Siku ya pili. Udongo haujakauka.

"Kaka, unaweza kukata?" nikamuuliza. "Mstari huo hapo."

"Kukata nakata. Nimekata naye zaidi ya thelathini." Akafungua droo ya benchi akatoa senta panchi, ya zamani, kichwa kimefunguka kama uyoga kwa nyundo. "Hii ndiyo sijawahi kuishika. Alikuwa ananituma dukani kwanza."

Hatukujua la kusema. Akairudisha kwenye droo, akachukua kitambaa akafunika mstari wa chaki usifutike, maana upepo wa jioni ulikuwa umeanza na pale gereji, kwa mtu aliyechukia vumbi kiasi kile, hapajawahi kuwa na ukuta wa upande wa mashariki.