Friji Langu Limeshitakiwa

Jana saa tatu na nusu usiku mita ya LUKU ililia, umeme unakaribia kuisha. Watu wakatoka vyumbani, vitenge mabegani, na mimi kabla sijapata ndala ya pili nikasikia naitwa. Siitwi kwa jina, jina nilishapoteza tangu mwaka ule niliponunua lile dude la mtumba. Naitwa "Mwenye Friji".

"Mwenye Friji, limemaliza tena!"

Nyumba yetu ina vyumba sita na mita moja. Nadhani hapo sina haja ya kuendelea. Wenzangu wanachanga elfu tano tano, mimi elfu kumi kwa kuwa nina mashine. Elfu kumi yenyewe ni uniti 28 na ushee, na hapo uombe isiwe mwanzo wa mwezi, maana kodi ya jengo nayo inakatwa humohumo. Jengo lenyewe si langu. Nilishaacha kuuliza.

Kikao kikakaa uani. Baba mwenye nyumba kwenye kigoda, msuli umekazwa, tochi ya simu inamulika mita. Mama wa chumba namba tatu akafungua mashitaka.

"Baba, mimi sina ugomvi na mtu. Ila lile dude linanguruma usiku kucha. Na kitu kinachonguruma kinakula."

Nikasimama. Nikakohoa kidogo, kama mtu aliyewahi kuwa katibu wa kamati ya harusi. "Ndugu wapangaji," nikasema, na nikawaeleza kwa upole kwamba friji halivuti umeme muda wote. Likishapoa linapumzika, likipata joto linawaka tena. Kwamba nimelisogeza kiganja kizima kutoka ukutani ili mgongo upumue. Kwamba swichi nimeiweka kwenye 3, wala si 7 kama wanavyofanya wenye pupa. Barafu ikifika unene wa kidole nalizima na kuweka bakuli la maji ya moto ndani, nasubiri. Sichokoi kwa kisu, kama kijana wa chumba cha uani alivyomchokolea dada yake, gesi ikatoka fyuuu na friji likawa kabati la vitunguu mpaka leo.

"Na chakula cha moto," nikamalizia, "hakiingii mpaka kipoe."

"Sasa ile sufuria ya maharage iliyokuwa inafuka moshi jana humo ndani," akauliza baba mwenye nyumba, "ya nani?"

Mama wa chumba namba tatu akatazama dari. Uani hakuna dari, ila alilitazama.

Hapo ustaarabu ukaniishia. Nikasema twendeni tukalifungue, twendeni sote! Watu tisa wakaingia chumbani kwangu, wengine wakapitia juu ya kitanda na miguu ya uani. Nikafungua mlango, nikaanza kuhesabu kwa sauti. Chupa za maji kumi na moja, zangu mbili. Barafu za ubuyu za kuuza, sikumaliza kuzihesabu, za nani? Dari likatazamwa tena. Kibua cha baba mwenye nyumba, kimeganda tangu Idd, kinanitolea macho. Dawa ya macho ya bibi wa chumba cha pembeni, sawa, hiyo siisemi. Rangi ya kucha ya binti wa chumba cha mbele, eti huku haikauki. Changu mimi, mwenye mali, mlipa elfu kumi: nusu limau.

Nilikuwa bado naonyesha lile limau kama kielelezo mahakamani, mlango uko wazi robo saa nzima, friji likanguruma.

"Mnalisikia?" akasema mama wa chumba namba tatu. "Linakula!"

Linakula kwa sababu tumelifungua, mama! Baridi yote imeshamwagika sakafuni, angalia miguu yako! Nikawaambia mpira wa mlango umekufa kwa kufunguliwa na nyumba nzima, na nitathibitisha. Unabana karatasi mlangoni, unavuta. Ikikugomea mpira mzima, ikiteleza mpira ndiyo basi. Karatasi sikuwa nayo. Nilikuwa na noti ya elfu kumi. Nikaibana, nikavuta, ikatoka kama imepakwa samli.

"Mmeona?" nikasema, nimeishika juu.

"Tumeona," akasema baba mwenye nyumba, akaichukua. "Basi mchango wako ndio huu. Dogo, kanunue."

Hakuna aliyetaja hita ya maji ya kijana wa mbele, wala pasi yake, anayenyoosha mpaka soksi. Pasi haingurumi.

Leo asubuhi nimempitia fundi kumuuliza mpira mpya. Anasema hawezi kukata kwa kukadiria, nimpelekee mlango mzima. Mlango wa friji, mimi, kwenye daladala ya saa moja asubuhi. Mwaka juzi nilipanda na godoro la futi tatu. Konda akanitoza nauli mbili, na kiti kilipopatikana akasema godoro likae kwanza, mimi nitashika bomba. Sasa huu mlango una mpini, na kuna abiria hapa Dar nawajua, wataufungua waone kama kuna maji ya baridi.