Mvua ikinyesha, Jangwani hakupitiki

Hivi jamani, nani alikaa na ramani mezani akaona bondeni mwa Mto Msimbazi, pale Jangwani, Dar, ndipo pa kuweka depo ya mabasi ya mwendokasi? Mvua ikipiga usiku, asubuhi Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani, na sisi wa Kimara na Ubungo tunazungushwa Kigogo. Bodaboda naye anapandisha bei palepale, anajua huna ujanja. Maji yanatoka vilima vya Pugu kwenda baharini, na njia yao ni hiyohiyo tangu enzi. Dar ilichorewa mpango kabambe 1949, 1968, tena 1979. Makaratasi hayo yako kabatini, makavu kabisa. Daraja jipya tumeahidiwa. Sawa, lije, lakini leo nafikaje Kariakoo?