Fremu ya video haitoshi bango

Ukimuuliza prodyuza wa Bongo Movie picha za bango zitatoka wapi, mara nyingi jibu ni moja: "Tutakata fremu kwenye video." Kwangu mimi, mpiga picha za mnato (zisizotembea) kwenye seti za filamu, huo ni ubahili wa kujipunja.

Fremu ya video ya 4K ina pikseli milioni 8 na ushee, wakati kamera nyingi za picha za mnato siku hizi zinaanzia milioni 24. Tena video ya fremu 25 kwa sekunde kwa kawaida hupigwa kwa shata (muda wa kuingiza mwanga) ya 1/50 ya sekunde, hivyo mkono unaokwenda kuzaba kofi hutoka ukungu mtupu. Kwenye filamu ukungu huo ndio unaolainisha mwendo. Kwenye bango, watu watadhani mchapaji kaharibu kazi.

Zamani kisingizio cha kutompigisha mtu picha wakati sini inarekodiwa kilikuwepo. DSLR, kamera ya picha ya mtindo wa zamani, ina kioo kinachoruka kila ukibofya. Feni imezimwa, friji imechomolewa, jirani kaombwa apunguze redio, mwigizaji ananong'ona, halafu "kla!" Mtu wa sauti anavua hedifoni, anakutazama tu. Hollywood walikuwa wakiifungia kamera ndani ya kasha nene la kuzuia mlio, sisi tulisubiri "kata!" ndipo tuwaombe waigizaji warudie pozi, machozi yameshakauka.

Kamera isiyo na kioo, ukiiweka kwenye shata ya kielektroniki, hailii kabisa. (Zima na ile taa ndogo ya kusaidia fokasi, tafadhali. Inammulika mwigizaji usoni.) Udhia wake ni kwamba nyingi husoma kihisi (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) mstari kwa mstari, kwa hiyo chini ya taa za LED za bei chee picha hujaa michirizi. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo kushuka hadi 1/100 mara nyingi kunaiondoa, ila hapo lile kofi linarudi kuwa ukungu. Ndiyo maana mtu wa kwanza ninayemtafuta nikifika seti ni wa taa, hata kabla ya mwongozaji. Kamera ya Sony A9 III, iliyotangazwa 2023, husoma kihisi chote kwa mpigo mmoja badala ya mstari kwa mstari, lakini bei yake ni ya kuisikia tu.

Kama bajeti haitoshi kuniita kila siku, niite siku ya ugomvi na siku ya kilio. Zile sini za watu kukaa sebuleni wakipiga soga, kateni fremu zenu, za Instagram zitatosha.