Jina la Ivanov na watoto wa Krylatskoye

Jirani yangu hapa Moscow, mzee wa miaka themanini na ushei, alinifundisha kupiga makasia jikoni kwake. Alikaa kwenye kigoda, akashika miiko miwili ya mbao, akaniambia nitazame miguu yake, si mikono. Kiti cha mashua yao huteleza, nguvu hutoka mapajani, na mpigaji anakupa mgongo kule anakokwenda. Mimi niliyekulia Ukerewe nikipiga kafi macho mbele, nilishangaa kweli.

Ndipo akanisimulia habari za Vyacheslav Ivanov. Kijana wa hapahapa Moscow, alianzia kwenye ndondi. Akiwa na miaka 18 tu alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya 1956 katika mashua ya mtu mmoja, Ziwa Wendouree huko Australia, akimpita mwenyeji, Stuart Mackenzie, dakika za mwisho. Katika kushangilia, medali ikamponyoka ikazama ziwani. Akapiga mbizi, asiione. Baadaye akapewa nyingine. Akashinda tena Roma 1960 na Tokyo 1964. Dhahabu tatu mfululizo katika mashua hiyo hakuna aliyekuwa amezipata kabla yake.

Kazini nikawauliza wenzangu watano. Aliyemjua ni mmoja.

Kwetu haiwi hivyo. Wakimbiaji wetu Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walitoka na medali mbili za fedha katika mji huuhuu mwaka 1980, na mpaka leo ndizo medali pekee za Olimpiki za Tanzania. Mtaje Bayi kijiweni, wazee watakuhesabia hatua zake. Tunajua kukumbuka, na ninajivunia hilo. Huku nimekaa miaka mitatu kabla jirani huyu hajaitikia salamu yangu.

Lakini barafu ikishayeyuka, nendeni Krylatskoye, hapahapa Moscow, kwenye mfereji uliochimbwa kwa mashindano ya makasia ya Ulaya ya 1973. Utakuta watoto wa miaka kumi na miwili wamebeba mashua mabegani, mashavu mekundu kwa baridi, kocha anawafuata ukingoni kwa baiskeli akipaza sauti. Jina la Ivanov huenda wengi wao hawalijui, ila kazi yake wanaifanya kila asubuhi. Hiki ndicho ninachokionea wivu, ndugu zangu. Sifa za Bayi tunazo midomoni, na shule kule Kibaha kaianzisha yeye mwenyewe. Sisi wengine tumefungua nini? Ukerewe mtoto anajua kafi kabla ya kalamu. Siku ya mashindano ya mitumbwi tunapiga vigelegele ufukweni, kesho yake mtumbwi unarudi kwenye dagaa, na hakuna aliyeandika hata muda wa mshindi.

Mzee kanipa saa yake ya kupimia muda. Desemba nakwenda likizo, naipeleka kwa mwalimu wa michezo wa shule niliyosoma. Nimeshamwambia kwa simu, na ameshaanza kutafuta daftari.