Nimeshaoga, Bibi

Najua mmeshasikia kwamba nilionekana uchi shambani kwa watu. Yule rafiki yangu mdomo hauna breki, habari kaifikisha mpaka grupu la kwaya. Sasa sikieni kutoka kwa mwenye ngozi.

Kwanza, sikuwa uchi. Nilikuwa na bukta. Ina tundu, nakubali, lakini bukta ni bukta.

Kazi yetu huku Newala mnaijua: mikorosho imechanua, sisi tunahesabu wadudu wanaomfanyia mkulima kazi bila kudai posho. Mashada mengine ya maua tunayavika vifuko vya neti wadudu wasifike, mengine tunayaacha wazi, baadaye tunalinganisha korosho zilizoshika. Chini tunatega mabakuli ya njano, meupe na ya bluu yenye maji ya sabuni. Mdudu anadhani ni ua, anatua, kwisha habari yake.

Nikiwa naelekea mti wa kumi, bibi mwenye shamba akaniita. "Mjukuu wangu, angalia, pale kuna maji moto."

Chini ya mkorosho ule palikuwa na mafiga, na sufuria inafuka mvuke. Mimi mtoto wa Singida, nimelelewa kwa adabu, nikajibu: "Ahsante bibi, nimeshaoga."

Bibi akanitazama. Akamtazama rafiki yangu. Rafiki yangu, mzaliwa wa Masasi, anayejua kila kitu, akainamia bakuli lake kama kaona nyuki wa dhahabu. (Wewe, Mungu anakuona.)

Kwa wenzangu wa bara: maji moto ni wale sisimizi wekundu wanaoshona majani mabichi mtini na kuyafanya nyumba. Ndio askari wa mkorosho. Wanawinda mbu wa mikorosho, mdudu mharibifu anayefyonza machipukizi. Kwa hiyo kiutafiti nilikuwa nawatafuta wao. Na wao wakanipata.

Hapa twende taratibu. Nimeshapanda ule mti wa kumi, nimekalia tawi, kushoto nimeshika shada, kulia neti, kalamu sikioni. Mbele ya pua yangu furushi la majani. Nikajisemea, kiota cha ndege hicho, kizuri kweli. Nikakisogeza kwa kiwiko, kwa heshima zote. Kikachanika.

Wa kwanza alisimama kwenye mkono wangu, kiuno juu, ananikodolea. Nikamhesabu: mmoja. Msinicheke, ndiyo kazi. Wa pili sikumwona, nilimsikia shingoni. Kisha kola yote ikawa barabara kuu. Asubuhi, kwa kuogopa nyoka, nilikuwa nimechomekea suruali ndani ya soksi. Sasa fikiria: wanaingia kwa juu, chini hakuna mlango wa kutokea. Wakafika kiunoni, wakakuta mkanda, wakaupita. Wakafika mahali ambapo hata daktari hubisha hodi. Wakang'ata wote kwa mpigo, halafu wakamwagia tindikali palepale kwenye kidonda. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wakaitwa maji moto.

"Vua!" bibi akapiga kelele. "Vua, mjukuu wangu!"

Nikaruka. Mguu mmoja ukatua bakuli la njano, mwingine la bluu. Wadudu wa asubuhi nzima wakanywewa na mchanga. Shati huko, suruali imenasa kwenye soksi, mimi narukaruka kama chura mbele ya bibi, wajukuu zake halisi na fundi wa kupuliza dawa ya salfa aliyezima mashine yake ili asikose kitu.

Mengine ni mafupi. Bibi akanirushia kanga, imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nikapakwa mafuta ya nazi. Tukarudi na bodaboda, mimi nimesimama.

Jioni kiongozi wetu akapitia fomu. Mti wa kumi, safu ya maadui asilia wa wadudu waharibifu: "Mmoja?"

Nikamwambia huyo ndiye niliyewahi kumhesabu. Kasema nirudie Jumamosi. Kanga ya bibi nitairudisha siku hiyohiyo, na kilo ya sukari. Rafiki yangu kajitolea kunisindikiza, simu keshaichaji.